Picha ikawa "ficha"

Mi kazi yangu ni kupiga picha za pasipoti. Kibanda kiko Mtwara mjini, sio mbali na soko kuu, pazia moja la bluu, stuli moja, taa mbili, na toka asubuhi mpaka jioni naimba wimbo uleule, kaa wima, shusha kidevu, usicheke. Sura za watu ndo zinanilisha, kwa hiyo nilijiona nazijua. Kumbe hata ya kwangu nilikuwa siijui.

Ilikuwa mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, msimu wa korosho umepamba moto na watu wana hela mfukoni. Siku mbili kabla nilikuwa na maumivu nyuma ya sikio la kushoto, sio makali, kama mtu kakubonyeza na kidole halafu akasahau kukitoa. Na adhana ya alfajiri ilikuwa inanipigia kelele sikio lile mpaka nikamuuliza mke wangu msikitini wameweka spika mpya au vipi, akasema spika ni ileile ya siku zote. Nikapuuza.

Asubuhi ya siku yenyewe nikafungua kibanda, nikachukua kamera nikapuliza vumbi kwenye lenzi (najua, najua, haifai kupuliza na mdomo, tuyaache hayo), upepo ukatokea pembeni. Fyuuu, kama tairi la baiskeli lina pancha. Nikarudia, upepo uleule, kona ya kushoto. Dogo ninayefanya naye kazi akanitazama, akataka kucheka, akaacha. Akasema, "Bosi, mbona unanichekea nusu?"

Nikakaa kwenye stuli yangu mwenyewe, nikamwambia nipige. Ile picha ninayo mpaka leo. Upande wa kulia ni mimi, nina wasiwasi, nimekunja paji la uso. Upande wa kushoto ni mtu mwingine kabisa, katulia kama hana deni duniani, paji laini halina hata mkunjo, kope ya chini imelegea, mdomo umeshuka. Na kitu kimoja nilikiona palepale kwa jicho la kazi, mdomo wote ulikuwa umevutwa kwenda kulia. Wiki nzima watu wakawa wananipa pole ya upande wa kulia, "naona upande huu ndo umepinda". Jamani, huo ndo mzima! Mzima hauna wa kushindana nao kwa hiyo unavuta kila kitu kuja kwake, mgonjwa ndo yule anayeonekana katulia.

Basi mashauri yakaanza. Fundi cherehani jirani yangu akaniuliza kwa sauti ya chini nimepita wapi juzi saa saba mchana, nikamwambia nilipita pale kwenye mkwaju, akatikisa kichwa, "Umepigwa kofi." Mama mkwe akapiga simu, "Baba, huo ni upepo mbaya, nimekwambia mara ngapi usilale chini ya feni." Mwingine akasema kiharusi hicho, usioge maji ya baridi. Nikaandikiwa kombe kwa zafarani, nikalinywa kwa imani yote, nusu likatelemka kidevuni likaishia kwenye kanzu nyeupe na doa halijatoka mpaka leo. Nikaenda duka moja la dawa nikapewa vitamini, hakuna aliyenitazama hata usoni, naongea huku nimeshika mdomo na yeye anahesabu vidonge. Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Ya pili nayo ikaisha, ya tatu ikaenda nusu.

Hospitalini nikakutana na daktari binti mdogo tu, nilimdharau kwa sekunde kama kumi hivi, Mungu anisamehe. Hakuanza na kipimo chochote. Akasema, "Baba, hebu nyanyua nyusi kama mtu aliyeshangaa." Nikanyanyua, kulia ukapanda, kushoto kimya. "Fumba macho kwa nguvu." Nikafumba, mi nikajua nimefumba yote mawili, kumbe la kushoto lipo wazi na mboni imepanda juu, anaona weupe mtupu. "Onesha meno. Jaza upepo mashavuni." Halafu akapima nguvu za mikono na miguu, akachungulia ndani ya sikio kutafuta vipele, maana mkanda wa jeshi nao ukishika hapo unapoozesha uso hivihivi. Vipele hamna. Sukari, presha na virusi vya ukimwi vikapimwa, akasema tatizo hili mara nyingine linakuja na hivyo vitu na bora kujua kabla ya kumeza vidonge vinavyopandisha sukari.

Lile swali la nyusi ndo lilinikaa kichwani, na akanieleza bila haraka japo foleni ilikuwa nje. Misuli ya paji la uso inapata amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo mtu akipata kiharusi cha kawaida cha ubongo mdomo unapinda ila paji kwa kawaida bado anaweza kulikunja. Mimi paji, jicho na mdomo vyote vimelala pamoja, maana yake waya umekatikia njiani baada ya kutoka kwenye ubongo. Ila akanionya, hiyo hesabu ni ya daktari, sio ya kijiweni. Mtu ukimuona mdomo umeenda upande ghafla, na hasa mkono umelegea au maneno hayatoki sawa, mkimbize hospitali kwanza, mengine mtaulizana hukohuko.

Akaweka kiganja chake chini ya sikio langu, vidole akavitanua usoni. Kimoja kikaelekea kwenye kipaji, kimoja kwenye mfupa wa shavu, kimoja shavuni, kimoja kwenye taya, kidole gumba kikashuka shingoni. "Mshipa wa fahamu wa saba," akasema, "umekaa hivi hivi." Ipo jozi 12 inayotoka kwenye ubongo na huu ni wa saba, unapita ndani ya mfereji wa mfupa nyuma ya sikio, na mfereji wenyewe sehemu nyembamba kabisa haufiki hata milimita 1. Mshipa ukivimba mle ndani hauna pa kwenda, unajikaba wenyewe. Kwa nini unavimba haijathibitika moja kwa moja, wanaoshukiwa zaidi ni virusi vilevile vya vidonda vya homa mdomoni ambavyo vinajificha mwilini miaka na miaka halafu vinaamka. Feni sijui, mama mkwe bado anabisha. Ugonjwa unaitwa Bell's palsy, kwa jina la Charles Bell, daktari wa upasuaji wa Scotland aliyeuchambua mshipa huu mwaka 1821, na hata ile mboni kupanda juu ukijaribu kufumba imepewa jina lake.

Nilipewa prednisolone, vidonge vya kushusha uvimbe, akasema vinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 toka uso ulale. Nilikuwa nimebakiza kama masaa ishirini. Kombe na vitamini vimekula mengine yote. Baadae nikasoma utafiti wa Scotland wa 2007, waliomeza hizo dawa mapema, 83 kati ya 100 walikuwa wamepona ndani ya miezi 3, ambao hawakumeza ni 64 hivi. Kwa hiyo wengi wanapona hata bila kitu, na ndo maana kila mganga ana shuhuda wake.

Sasa ngoja niwaambie maisha yenyewe.

Misuli mingine ya mwili inavuta mfupa, huu mkono ukikunjwa ni mfupa unavutwa. Ya usoni inavuta ngozi. Upande mmoja umeshikwa na mfupa, upande wa pili umeshonwa kwenye ngozi, ndo maana sura inaweza kusema mambo elfu bila kichwa kusogea. Ikilala, ngozi inabaki inaning'inia kama pazia lililotoka kwenye ndoano. Jicho nalo lina kisa chake, kulifungua ni kazi ya mshipa wa tatu, kulifumba ni kazi ya wa saba. Wangu wa tatu mzima, wa saba kalala, kwa hiyo jicho linajua kufunguka tu. Usiku nalibandika plasta ya karatasi baada ya kupaka dawa, mchana matone kila baada ya muda. Siku niliyosahau plasta mwanangu wa miaka minne alikuja kunigusa usiku, "Baba, umelala au uko macho?" Kutawadha ndo ilikuwa mtihani, maji yanaingia moja kwa moja, sabuni ndo usiseme.

Kula je? Kutafuna nilikuwa natafuna vizuri tu, kwa sababu taya ni mali ya mshipa wa tano (kwa hiyo ile "tafuna bigijii nyingi utapona" ni kusumbua taya bure). Shida ni msuli wa shavu, ule unaorudisha chakula kwenye meno. Mke wangu alichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, mi ming'oko na pilipili na chumvi naweza kuuza shamba, basi kila nikitafuna vipande vinakimbilia shavu la kushoto vinakaa hukohuko kama akiba ya kindi, navisukuma na kidole. Na theluthi mbili za mbele za ulimi upande ule hazikuwa na ladha, ndimu ilikuwa inaleta ladha ya msumari. Mshipa uleule, tawi jingine dogo linapita kwenye ulimi. Na lingine linashika kimsuli kidogo sana ndani ya sikio kinachopunguza kelele. Adhana ikajieleza yenyewe hapo.

Halafu herufi. P, b, m, zote zinataka midomo ikutane. Yangu haikutani. Nasema "piga picha" inatoka "figa ficha". Fikiria mpiga picha ana kibanda, mteja anaingia, anaambiwa "njoo nikufige ficha". Na kweli nilitaka kuficha. Nilivaa barakoa wiki tatu, watu wakadhani nina kifua kikuu.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni mazungumzo. Mteja anatania, mi nacheka kwa moyo wote, yeye anaona mtu kambinulia mdomo. Kuna bwana mmoja, mteja wangu wa miaka, alimwambia dogo kwamba siku hizi bosi wako ana dharau. Nilikuwa namchekea yule! Kicheko cha kweli kina vitu viwili, msuli unaovuta kona ya mdomo na ule wa duara unaobana jicho, Mfaransa mmoja anaitwa Duchenne aliandika hayo mwaka 1862 baada ya kuzisisimua sura za watu kwa umeme na kuzipiga picha (wa kwetu huyo). Wapiga picha tunalijua hilo kwa mazoea, jicho lisipobana tunasema huyu anacheka na kamera. Mi nikawa nacheka na kamera maisha yangu yote ya kila siku.

Aliyenisaidia ni lipiko. Sio mtu, kinyago. Nilikulia upande wa Newala, na wakati watoto wakitoka jandoni mapiko yalikuwa yanachezwa, mchezaji kavaa kichwa cha mti, sura imechongwa mara moja haibadiliki milele, ila akiinamisha kichwa kidogo na kupandisha bega unaapa kwamba ule mti umekucheka, akigeuka ghafla unaapa umekasirika. Tulikuwa tunakimbia kabisa. Nikajiambia kama mti unaweza mi nashindwaje. Nikaanza kuchekea mabega. Kuinamisha kichwa nikimsikiliza mtu, kusema "nimefurahi sana" kwa mdomo badala ya kutegemea sura, kupiga makofi. Yule bwana wa dharau nilimshika mkono kwa mikono miwili, nikavua barakoa, akaniona, akakaa chini kwenye stuli akasema "Lo, ndugu yangu, nisamehe."

Kila Ijumaa dogo alikuwa ananipiga, pazia lilelile, taa zilezile. Ya wiki ya kwanza na ya pili hazina tofauti. Ya nne, ukiangalia sana, kona ya mdomo ina kitu kama kivuli. Ya saba kishimo cha shavu kimerudi. Paji likaja mwisho kabisa. Mshipa unaootea upya unakwenda kama milimita 1 kwa siku, hauharakishwi, na kuna jamaa alitaka kuniuzia mashine ya umeme ya kusisimua uso, daktari akasema niachane nayo, nikande shavu taratibu na nifanye mazoezi madogo mbele ya kioo, kidogo kidogo bila kukaza.

Nimerudi karibu yote. Karibu. Nyuzi nyingine za mshipa zilipoota zilikosea mlango, zilizotakiwa kwenda mdomoni zikaingia na kwenye jicho. Yaani sasa nikibana midomo jicho la kushoto linafumba lenyewe. P zangu zimerudi safi kabisa, ila kila p inakuja na jicho lake.

Mwezi uliopita akaja mama mmoja na binti yake wa kidato cha nne. Binti kakaa, mi nikasema, "Haya, pandisha kichwa, nipige picha ya pasipoti." Mama akasimama. "Binti, nyanyuka twende. Huyu baba anakukonyeza."

Nikamwambia hapana mama, pole, nilipooza.

Dogo alikuwa nyuma ya pazia, nikaona pazia linatikisika.