Baba mdogo na kidirisha chake cha boksi pale Irente

Enzi hizo simu zilikuwa na kamera moja tena mbovu, mimi ndo nimemaliza form six nakaa tu nyumbani Tanga, baba mdogo akasema twende Lushoto kuna mtu anataka picha za kalenda. Alikuwa na studio tangu zama za filamu, paspoti na harusi ndo zilikuwa zinamlisha lakini ugonjwa wake hasa ni milima. Tukalala Lushoto mjini, alfajiri tukaanza kutembea kwenda Irente, kama kilomita tano hivi, na yeye akitembea na begi la kamera utadhani anadaiwa huko nyuma.

Kwa ambaye hajafika, Irente unapita mashambani vizuri tu halafu ghafla ardhi imeisha. Ni jabali, chini huko karibu kilomita nzima kwenda chini ndo Mazinde, mashamba ya mkonge, barabara ya kwenda Moshi, halafu nyika mpaka macho yachoke. Kila anayefika anatoa simu anapiga, anaangalia skrini, anakunja uso, maana inatoka bluu juu kahawia chini basi.

Baba mdogo kamera hakuitoa. Alitoa kipande cha boksi la sabuni amekikata kidirisha katikati, sentimita 9 kwa 6, kimefungwa kamba ya katani yenye mafundo. Unaweka fundo shavuni chini ya jicho, unavuta boksi mpaka kamba ikaze, unachungulia. Fundo la sentimita 7 linakuonesha kile itakachochukua lenzi ya milimita 28 (namba ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu), la 12 na nusu ni lenzi ya 50, la 25 ni lenzi ya 100. Hesabu yake nyepesi, negetivu, kile kipande cha filamu cha picha moja, ni milimita 36 kwa 24, kidirisha ni mara mbili na nusu yake, kwa hiyo na umbali unazidisha hivyo hivyo.

Akanipa la 7. "Unaona nini?"
"Naona kila kitu baba mdogo."
"Kila kitu ndo nini? Nitajie kimoja."

Nikakosa cha kutaja. Akanihamishia fundo la 12 na nusu, akanivuta kushoto, akanichuchumalisha karibu na ukingo (mama angeona angezimia) mpaka pembe ya jiwe ikaingia kwenye kona ya chini, na huko bondeni njia moja ya udongo mwekundu kati ya vitalu vya mkonge ikawa inaanzia pale pale jiwe linapoishia, inakata mshazari kwenda zake nyikani. Akasema sasa lifunike jiwe kwa kidole gumba. Nikafunika, ikawa ramani ya wapima ardhi, imelala haina shida na mtu. Nikatoa kidole, tumbo likanishtuka, nipo juu ya mwamba! Nikarudia tena na tena kama mtoto na swichi ya taa, na hapo ndo nikajua picha ya mandhari lazima imwambie mtu amesimama wapi kabla ya kumwonesha huko mbali.

Anga akaliachia kipande chembamba kule juu. Nikamwambia mbona nasikia mstari wa upeo unakaa kwenye theluthi ya picha, akajibu theluthi haijafika Irente, leo hakuna hata wingu moja kwa nini alipie filamu ya kupiga weupe. Halafu tukasubiri, kwa sababu asubuhi jua linatokea mgongoni na kivuli cha mlima kinalala bondeni kinarudi taratibu, alitaka kifike nusu ya ile njia. Stendi ya kamera chini, tundu la lenzi akalibana mpaka f/16 ili jiwe na bonde vyote vitoke shapu.

Kivuli kinakaribia, akatokea jamaa wa shati jekundu akasimama kwenye jiwe letu. Baba mdogo alichukia! Eti mtu akiingia jicho halitoki tena kwake. Mimi nikabisha, bila mtu nani atajua jabali ni kubwa kiasi gani, tukabishana pale jamaa anatusikiliza hajui ndo yeye anayesemwa. Mwisho akapiga moja na jamaa kwa kuniridhisha, moja bila jamaa.

Mwenye kalenda aliziacha zote mbili, akachukua maporomoko ya Soni tuliyopiga wakati wa kurudi huku tunasubiri gari. Baba mdogo alinuna mpaka Ijumaa.