Doa la dari

Lilikuwa doa la upana wa sinia kwenye dari ya sebule, rangi ya majani ya chai yaliyolowa. Agosti 2019, nyumba ya ghorofa moja huko Tegeta, Dar es Salaam. Kilikuwa kiangazi, kwa hiyo paa halikuwa na hatia. Juu ya doa palikuwa na bafu lililokarabatiwa miezi minne kabla, na ndani yake choo cha kuning'inia: sinki limetoka ukutani bila mguu, tangi limefichwa nyuma ya marumaru, kinachoonekana ni kibao chenye vitufe viwili tu. Mzee mwenye nyumba alikuwa ameshapaka doa rangi mara mbili. Mama yake, bibi wa miaka themanini na kitu, alikuwa na lalamiko lake mwenyewe: "Choo kizuri, lakini ukikaa huinuki."

La bibi ndilo lililopimwa kwanza, maana lilitaka futi tu. Kutoka sakafuni hadi juu ya kiti: sentimita 35. Choo cha aina hii kwa kawaida hufungwa kiti kiwe kwenye 42 hivi. Zile 7 zilipopotelea palijulikana haraka. Fremu ya chuma inayobeba choo ina alama ya mita 1, na mita hiyo huhesabiwa kutoka sakafu iliyokamilika, yaani juu ya marumaru. Fundi wa kwanza aliipima kutoka kwenye zege tupu. Baadaye ikamwagwa sakafu ya mchanga na saruji ya sentimita 5, gundi na marumaru vikala 2 nyingine, na choo kikawa kifupi bila mtu kukigusa.

Kisha sinki lenyewe. Silikoni, ile gundi ya kuziba mianya, ilikuwa imelizunguka lote, juu, ubavuni na chini, imelainishwa kwa kidole vizuri mno. Kisu kilipofika upande wa chini, maji yakaanza kushuka ukutani kabla nati hazijalegezwa. Yalikuwa yamefungiwa humo siku zote hizo, hayana pa kutokea ila nyuma, kwenye tundu la bomba, na kutoka hapo hadi dari ya sebule.

Nyuma ya sinki la namna hii kuna mabomba mawili ya plastiki. La juu, la milimita 45, huleta maji kutoka kwenye tangi. La chini, kwa kawaida milimita 90, hutoa uchafu kwenda bomba la inchi nne. Yote mawili huja marefu kuliko inavyotakiwa, nawe unayakata kulingana na unene wa ukuta wako. Likibaki refu, sinki haligusi ukuta, na fundi mwenye haraka hukaza nati mpaka kauri ipasuke. Likiwa fupi, halifiki kwenye mpira wake wa kuzuia maji. Hapa la juu lilikuwa fupi: ndani ya mpira wa fremu liliingia milimita 8 tu. Ncha yake ilikatwa upande, haikupigwa msasa, na kingo zake zilikuwa zimechana mpira wakati wa kulisukuma. Juu ya hayo, mpira ulipakwa grisi ya gari, ukavimba na kulegea. Mipira mingi ya mabomba haya haipatani na mafuta ya petroli. Sabuni ya maji inatosha, au grisi ya silikoni. Kila kitufe kilipobonyezwa, kijiko kimoja au viwili vya maji vilimwagika. Vidogo, lakini nyumba ya watu sita hubonyeza mara nyingi kwa siku.

Kukata mabomba hayo hakuhitaji kukisia. Marumaru zikishakauka, sukuma bomba ndani ya fremu mpaka mwisho, chora mstari pale linapokutana na uso wa ukuta. Litoe, lisukume ndani ya sinki mpaka mwisho, chora mstari wa pili usawa wa mgongo wa sinki. Umbali kati ya mistari miwili ndio kipande cha kukatwa, na hukatwa upande unaoingia kwenye fremu. Msumeno ulale sawa, kisha msasa.

Bomba lingeweza kubadilishwa siku hiyohiyo bila kuvunja chochote. Ila sinki lilikuwa likitikisika, na kimo cha choo alichokilalamikia bibi hakirekebishiki kwa nje. Marumaru zikavunjwa.

Fremu hizi hujaribiwa kwa uzito wa kilo 400, lakini kilo hizo ni za fremu iliyoshika mahali imara. Hii ilishikwa juu kwa skrubu na fisha za plastiki kwenye tofali lenye matundu, ambako fisha hutanukia hewani. Miguu yake ilikuwa na bolti mbili za kutanuka ambazo zingetosha, kama zisingekuwa fupi mno kushika zege sawasawa. Mtu akikaa, sinki lililochomoza nusu mita hufanya kazi ya mtaimbo na kuing'oa fremu kidogokidogo. Ubao wa jipsamu uliofunika fremu ulikuwa tabaka moja la milimita 12.5, ukanesa, na mistari ya grauti kati ya marumaru ikaanza kuchanika. Tabaka mbili zilihitajika, za aina isiyonyonya unyevu. Na lile kasha la plastiki linalolinda mlango wa tangi wakati wa kubandika marumaru lilitupwa mwanzoni, hivyo tundu likabaki finyu, mkono hauingii kufikia koki. Kwa nyumba inayotumia maji ya kisima chenye chumvi, ambako kichujio cha vali kinahitaji kusafishwa kila mara, hilo ni kosa la kukujutisha miaka kumi.

Kazi ilichukua siku tano. Fremu ilipandishwa sentimita 7 pamoja na elbo ya uchafu, kwa sababu ukipandisha moja bila nyingine bomba la chini halipangiki. Tofali lilivunjwa sehemu mbili, zikajazwa zege, zikaachwa zikakauka, ndipo bolti zikaingia. Kabla ya kufunika ukuta, maji yaliachwa kwenye bomba usiku kucha na karatasi za chooni zikafungwa kila kiungo. Asubuhi zote zilikuwa kavu. Sinki liliporudi, nyuma yake ukawekwa mkeka wa sponji, nati zikakazwa kwa zamu, kulia kidogo, kushoto kidogo, na kuachwa pale tu sinki lilipoacha kucheza. Futi ikasoma 42.

Silikoni ilipakwa juu na ubavuni. Mzee akainama, akachungulia.

"Fundi, hapa chini umesahau."

"Sijasahau, mzee. Pakivuja tena, maji yatatokea hapo, utayaona sakafuni."

Akasimama kidogo, akatazama chini kama anayeona dari ya sebule kupitia zege, kisha akaenda kumwita mama yake ajaribu kukaa.