Siku moja maishani mwangu: kliniki ya macho si miwani tu

Saa 12 asubuhi niko kwenye daladala, saa 1 na nusu kliniki iko wazi. Watu wengi wanajua sisi kazi yetu miwani. Mpaka saa 4 kweli ilikuwa miwani, mtoto wa jicho na presha ya macho.

Saa 4 akaingia kijana wa bodaboda na kaka yake. Jicho la kulia jekundu, limetokeza, wiki ya tatu anaweka matone ya mzio ya duka la dawa. Kaka mtu hata kiti hataki, "dokta andika tu dawa kali tuondoke, nimeacha kazi." Nikamwambia kaka subiri. Mzio unawasha na mara nyingi unashika macho yote mawili, huyu hawashwi, jicho ni moja, mishipa imevimba na kujipindapinda mpaka ukingoni mwa kioo cha jicho. Nikamuuliza dogo unasikia kelele kichwani? Akashtuka, "eeh dokta, vuu vuu, usiku silali." Kumbe alianguka na pikipiki akapigiza kichwa, akashonwa akaendelea na maisha. Nikaweka stetoskopu juu ya kope iliyofungwa na mimi nikaisikia, inaenda sawasawa na mapigo ya moyo. Presha ya jicho 34, kawaida ni 10 mpaka 21.

Tatizo haliko kwenye jicho. Mshipa mkubwa unaopeleka damu ubongoni umepasuka kule nyuma ya jicho, damu ya kasi inaingia kwenye mishipa inayorudisha damu, damu ya jicho inakosa pa kutokea inarudi nyuma kama maji ya mtaro ulioziba. Ukikomaa na matone ya mzio unaweza kupofuka.

Kaka akawaka, "jicho jekundu ndo ubongo? Mnatafuta hela nyie!" Nikachora kwenye karatasi, nikachora tena, nikampa stetoskopu asikilize mwenyewe. Akakaa.

Baada ya hapo saa sizikumbuki, foleni ya CT scan, mashine imesimama, imerudi, bima, sahihi ya rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar es Salaam, huko wanaweza kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kinena wakaziba tundu bila kufungua kichwa. Katikati ya yote bado nawaza foleni yangu, maana akija mtu kope imedondoka ghafla, mboni imepanuka na kichwa kinauma, huyo hakai benchi hata dakika moja, inaweza kuwa mshipa wa ubongo umetuna unakaribia kupasuka.

Saa 1 usiku niko kituoni, miguu inawaka, chakula cha mchana sijala. Kaka mtu kapiga, wamepata basi. Nimemwambia bahasha ya rufaa na picha akae nazo mkononi, asiziweke kwenye buti.