Mkia wa Grenadia

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 11, na kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kupangusa vumbi askari wa Mzee. Mzee alikuwa Mhindi wa Jinja, Uganda, mmoja wa wale waliofukuzwa na Idi Amin 1972. Alikaa Uingereza miaka zaidi ya 20, kisha akarudi kudai nyumba ya baba yake pale Main Street. Wenzake walirudi na mitaji na mashine. Yeye alirudi na kabati la vioo limejaa askari wa risasi. Risasi hiyo ni madini, siyo ya bunduki, ingawa sisi watoto wa kambi ya polisi tuliona neno ni moja na mambo yanaendana.

Kila askari alikuwa na urefu wa milimita 54, kutoka unyayo hadi jicho au utosi, kutegemea nani anapima. Mzee alinunua wengine wakiwa bado hawajapakwa rangi. Askari akitoka kwenye kalibu huwa na mshono ubavuni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Alinifundisha kuukwangua kwa wembe, taratibu, kama mtu anayeparua magamba ya samaki mdogo. Nilijivunia sana ule wembe.

Siku hiyo alikwenda benki. Nikamtoa grenadia mmoja, yaani askari mteule wa walinzi wa Napoleon, mtawala wa Ufaransa, mwenye kofia ndefu ya manyoya ya dubu, na nyuma ya shingo nikaona kitu kimetuna, kimeshuka hadi kati ya mabega. Kwa akili yangu, askari hana nywele. Baba yangu alikuwa konstebo, na kinyozi wa kambi hakuwahi kumwachia mtu hata kidole kimoja cha nywele. Nikasema huu ni mshono, Mzee kausahau. Risasi ni laini kama sabuni ya mche iliyokauka. Nilikwangua mara nne au tano, kisogo kikabaki safi kabisa, nikamrudisha kwenye mstari nikiwa nimeridhika.

Mzee aliporudi hakupiga kelele. Bora angepiga. Alimchukua yule askari, akavaa miwani, akaongeza na lenzi juu ya miwani.

"Toto," akasema, "umemnyoa mtu."

Akanikalisha chini. Zamani za wale, akasema, askari wa Ulaya alifuga nywele, akazivuta nyuma, akazifunga utepe mweusi zikawa mkia. Kisha akazipaka mafuta ya mnyama na kuzinyunyizia unga. Ndiyo maana wale grenadia walikuwa na vichwa vyeupe. Mimi siku zote nilidhani Napoleon alipigana kwa kutumia wazee. Vikosi vya kawaida vya Ufaransa vilipoamriwa kukata, grenadia wa walinzi walibaki na mikia yao, na masharubu, na hereni za dhahabu masikioni. Hereni hizo Mzee alizichora kwa ncha ya sindano. Waingereza nao walifuta mkia mwaka 1808. Kikosi chao kimoja, Royal Welch Fusiliers, kilikuwa mbali huko Nova Scotia na amri ikachelewa kukifikia. Mwaka 2006 kiliunganishwa kuwa Royal Welsh, na hadi leo kinashona tepe tano nyeusi nyuma ya kola, pale mkia ulipokuwa ukichafua koti.

Halafu akanionyesha Mzulu wa rafu ya chini, mwenye pete nyeusi kichwani. Pete ile, isicoco, ilishonwa kwenye nywele zenyewe na kuimarishwa kwa nta, na mwanamume aliivaa baada ya mfalme kuruhusu rika lake kuoa. Kiwanda kikimpa pete kijana wa rika changa, Mzee alikuwa anaguna. Kwake kichwa ndicho kilichosema huyu ni nani. Bunduki hata mtoto anaweza kuichonga.

Mimi nilikuwa nalia tu. Akaniambia nikamwite mama.

Mama alikuwa msusi. Alisukia chini ya mwembe nyuma ya yunipoti zetu, yale mabati ya duara tuliyolala ndani yake kama mikate kwenye tanuri. Alisuka kila mtindo, hata ile mistari ambayo Waganda wanaiita biswahili, jina ambalo sisi Waswahili wa kambini lilituchekesha kila siku. Alifika na kanga begani, amejiandaa kuomba msamaha na kulipa kwa mafungu. Mzee akampa lenzi na grenadia mwingine, mzima.

Mama akatazama kwa muda mrefu.

"Hii hawakusuka," akasema. "Hii ni ya uzi. Wamezungushia."

Mzee akacheka mara ya kwanza siku hiyo. Wakaanza kupiga hesabu: mkia wa sentimita 20 kwa mtu kamili, kwa askari wale unakuwa milimita 6 hivi. Mama akakata uzi mweupe, akaukunja mara tatu, akauzungushia uzi mweusi mwembamba alioushika kwa meno, mzunguko juu ya mzunguko, akaacha kincha cheupe kimechomoza chini. Ni jambo lile lile alilofanya kwenye vichwa vya wasichana wa mtaa wa Walukuba, ila hapa kichwa kilikuwa kama punje ya mtama. Mzee akatia tone la gundi.

"Na nani alikuwa anawafunga?" mama akauliza. "Wake zao?"

"Wenyewe kwa wenyewe. Wanakaa mstari, kila mmoja anamfunga wa mbele."

Jioni mama alisimulia kambini pale bombani, akiigiza wanaume wamekaa mstari wanasukana, na watu wakavunjika mbavu. Sajini mmoja Mkaramoja, kichwa chake siku zote kinang'aa kwa wembe, hakucheka. Alisema kwao Moroto wanaume walitengeneza nywele kwa udongo, wakapaka rangi, wakachomeka manyoya ya mbuni. Yake aliikata siku alipojiunga na polisi, na baba yake hakutoka nje kumuaga.

Akachukua jerikeni lake, akapiga hatua mbili, akanigeukia.

"Ule mkia," akaniuliza, "umeshika?"