Silki sita, na mayai sita bado

Jamani, usiku wa kuamkia leo sijalala. Mayai 12 ya kuku aina ya silki niliyoweka kwenye mashine ya kutotolea vifaranga siku 21 zilizopita yalianza kudonolewa kwa ndani saa nane usiku, nami nikakaa na tochi kama mlinzi wa benki. Mpaka alfajiri wametoka sita.

Na nilishakata tamaa! Siku ya 9 umeme ulikatika saa nne nzima, nikafunika mashine kwa blanketi la mwanangu na kuizungushia chupa za maji ya moto.

Manyoya yao laini kama pamba, ngozi nyeusi, vidole vitano badala ya vinne. Mama mkwe kachungulia, kauliza, "Hawa kuku au sungura?" Mmoja ana vinne mguu wa kushoto. Huyo sitamtumia kwa mbegu, ila ndiye mchangamfu kuliko wote.

Mayai mawili nasikia vifaranga wanalia ndani. Mkono unaniwasha niwapasulie, lakini niliyemsaidia mara ya mwisho alivuja damu akafa. Acha nikachemshe chai.