Eti kasema

Kama kuna neno linafanya kazi nyingi mjini hapa bila malipo basi ni "eti". Ukisema "kasema anakuja" umeleta taarifa, ukisema "eti anakuja" tayari umeshamcheka, umeshaonyesha we huamini, na hapo hapo umeshajitoa kwenye kesi, maana kesho akija kweli hakuna wa kukushika shati, we ulisema eti tu. Kwenye meseji watu wameipunguza mpaka "et" na bado inauma vile vile.

Mi napenda sana kusikiliza watu wanavyopeleka maneno ya wenzao, siyo umbea wenyewe (sawa, na umbea kidogo) ila ule ufundi. Panda daladala ya Gongo la Mboto jioni watu wakitoka makazini, ukae karibu na wawili wanaofanya kazi sehemu moja, bosi ataigizwa kuanzia Kariakoo mpaka Tazara: mara ooh ripoti iko wapi, mara ooh nyie watu mnachelewa sana, mara ooh hii siyo ofisi ya baba yenu. Hakuna anayedhani bosi katamka hivyo neno kwa neno. Mdomo unabinuliwa, sauti inapitishwa puani, na abiria wa siti ya nyuma ambaye huyo bosi hamjui kabisa anacheka mpaka anasahau kushuka.

Shuleni tulifundishwa kauli halisi na kauli taarifa. Halisi unafungua semi unafunga semi, taarifa unaweka "kwamba" na "leo" inageuka "siku ile". Hii ya tatu ya kubinua mdomo haikuwepo kwenye mtihani, na ndo tunayoitumia kila siku.

Alafu kuna maneno ya kujikinga. Mtu anakupa habari nzito ya jirani yenu, kabla hujamuuliza kaitoa wapi anakwambia "mi nauza kwa bei niliyonunulia". Thubutu. Ubuyu ukitoka Sinza mpaka ufike Tabata lazima uwe umeshaongezwa sukari na rangi. Ukishtuka unasema "hiyo chai", na yeye akikaza unamwambia aweke skrinishoti. Wakubwa nao wana lao, mtu anaropoka jioni kwenye maiki, klipu inazunguka usiku kucha, asubuhi anatoka "nimenukuliwa vibaya", yaani kosa limeshahamia kwa aliyesikia. Na ile ya bungeni ya "naomba kunukuu" hadi "mwisho wa kunukuu" imeshuka mpaka vijiweni, kijana anasimulia mama mwenye nyumba alivyomfokea kuhusu kodi, anamaliza kwa sauti nzito "mwisho wa kunukuu", kijiwe kizima hoi.

Ila katika yote hayo mi naona kubadilisha maneno peke yake siyo shida kubwa kihivyo. Chukua hotuba ya Mwalimu Nyerere ya 1978, wakati wa vita ya Kagera, aliposema kuhusu kumpiga Idi Amin kwamba uwezo, sababu na nia vyote tunavyo. Kila mtu anaipanga anavyojisikia, huyu anaanza na nia, yule anaanza na uwezo, washabiki wa mpira ndo usiseme, na sijasikia mtu akilalamika kwamba Mwalimu kanukuliwa vibaya, kwa sababu ule uzito wake bado upo, ukisikia tu unamuona. Kinachonikera ni zile kadi zinazozagaa kila ikikaribia Oktoba 14, picha yake ya zamani, chini wameandika ushauri laini laini wa mambo ya kutafuta hela ambao ukiusoma mstari wa kwanza tu unajua huu siyo mdomo wake. Bora wangewapelekea wahenga, wao wameshazoea kubebeshwa kila kitu na hawajawahi kulalamika.

Sasa hili lilinikaa kichwani zaidi baada ya kikao cha harusi ya binamu yangu. Bajeti ilikuwa imegoma, michango inasuasua, mjadala wa magari ya msafara umechukua karibu saa nzima, watu wamechoka, shangazi yangu akasema "kwa pesa hii bibi harusi si tumpandishe mwendokasi tu". Watu walicheka mpaka mwenyekiti akapiga meza, na yeye mwenyewe shangazi alikuwa anafuta machozi kwa mtandio. Kikao kikaisha vizuri tu. Kabla ya saa mbili usiku upande wa bibi harusi wameshapata taarifa kwamba shangazi wa bwana harusi kasema binti yao apandishwe mwendokasi.

Na ndo hivyo, alisema. Hakuna neno lililoongezwa. Tulipofuatilia ikajulikana nani kampigia nani, kutoka dada mmoja wa kamati mpaka kwa mama mdogo wa upande wa pili, kila aliyepokea anatajika. Nikamkumbuka ustaadhi wetu wa madrasa alivyokuwa anasisitiza kwamba hadithi lazima iwe na isnadi, ujue nani kapokea kwa nani na huyo mtu akoje. Yetu ilikuwa na isnadi safi kabisa na maneno safi kabisa, kilichoanguka njiani ni kicheko. Bila kicheko ile sentensi ni tusi.

Nikaenda kumsalimia, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, hata sijakaa vizuri akaanza: "Wamenilisha maneno hawa watu." Nikamwambia lakini shangazi si uliyasema kweli. Akaniangalia kama mtoto asiyeelewa. "Niliyasema, ndiyo. Na wamenilisha." Mi siku zote nilikuwa najua kulishwa maneno ni kusingiziwa usichosema, kumbe mtu anaweza kulishwa ya kwake mwenyewe, na nikifikiria naona hayo ndo mabaya zaidi, maana huwezi kuyakana. Ukisingiziwa unaapa, unalia, unaita mashahidi. Ukilishwa ya kwako unabaki kusema "nilikuwa natania", na hakuna sentensi inayosikika ya uongo kama hiyo.

Watu wanasema dawa ni teknolojia. WhatsApp walibana tangu 2020, meseji iliyosambazwa sana huwezi kuituma zaidi ya chati moja kwa mara moja, sawa, lakini mama mdogo hasambazi, mama mdogo anapiga simu. Na hata angeandika, anayesoma anasoma kwa sauti iliyoko kichwani mwake, kama hakupendi basi ulinuna wakati unasema. Shangazi yeye sasa hivi kwenye grupu la kamati anatuma voisi tu, na akitania anacheka kwanza sekunde kadhaa ndo anasema, mpaka utani wenyewe unakuwa umeshapoa.

Neno la hili jambo, la kumnukuu mtu sawasawa huku umemtoa kicheko, mtaani sijalikuta. Mdogo wangu kaanzisha "kumkausha", kwamba shangazi alikaushwa, na nyumbani limeshika, juzi mama kaniambia nimemkausha kwa baba kuhusu ile habari ya kuku. Nje bado linagoma, maana mtaani kausha ni nyamaza, nilimwambia dereva wa boda asinikaushe kwa wenzake akasema haya bosi, hakuongea tena mpaka Buguruni.