Kiangazi tulichokaa watu kumi na nne

Ukistaafu ukabaki Kigoma, likizo ya mwezi wa sita si yako tena. Watoto ambao mwaka mzima wanakwambia "Mama, huko mbali," shule zikifungwa tu wanakumbuka kuwa wana kwao. Mimi nilikuwa muuguzi, mzee wangu alikuwa mtu wa reli, na nyumba hii ya Gungu tuliijenga kidogo kidogo tukiwa bado kazini, kwa hesabu ya watu wawili na mgeni wa hapa na pale. Mwaka 2024 wakatangaza kuja wote kwa mpigo: wanetu wanne, wenza wao waliopata ruhusa kazini, na wajukuu. Ukituhesabu na sisi wenye nyumba, kumi na nne.

Tulifurahi, tena sana. Mzee alikata simu akaanza kuimba. Mimi nikaenda kufungua stoo.

Mwaka huo ndio ziwa lilifungwa. Nchi nne zinazochangia Ziwa Tanganyika zilikubaliana kulipumzisha ili samaki wazaliane, na kwa upande wetu uvuvi ulisimama kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Naliunga mkono jambo hilo. Nimekaa hapa vya kutosha kuona samaki mgebuka wa kulisha nyumba akigeuka mgebuka wa mtu mmoja. Lakini mwanao aliyeko Dar, anayeota mgebuka wa kuchoma tangu Krismasi, humwambii habari za mazalia akakuelewa. Mzee akashauri tuwaombe wasogeze safari hadi Agosti. Nikamuuliza, na shule nazo tutaziomba?

Basi wiki ya kwanza ya Mei nikashuka Kibirizi, wanaposhushia samaki, kununua dagaa. Wenzangu wengi walikuwa na wazo hilo hilo, na bei ilikuwa inapanda kadiri tarehe inavyokaribia. Kuna mama pale mwaloni nanunua kwake miaka mingi, akaniwekea walioanikwa kwenye vichanja, si wa mchangani. Ukitaka kujua tofauti, chota kiganja kimoja, wasugue kidogo halafu ufungue mkono: wa mchangani wanakuachia chengachenga mkononi, wa kwenye kichanja wanakuachia harufu tu. Tazama na rangi. Dagaa mzuri anang'aa kama bati jipya na mwili wake ni mzima. Akishakuwa wa kahawia na kuvunjikavunjika, huyo amelala na unyevu. Nyumbani niliwatandaza mkekani wapigwe jua la asubuhi moja zaidi, nikawaacha wapoe kabisa, ndipo nikawatia kwenye ndoo zenye mifuniko ya kubana. Ukiwafunika na joto la jua wanatoa jasho ndani ya ndoo, na hapo umewatafutia ukungu mwenyewe. Kila Jumamosi nilifungua kukagua. Hawakuharibika.

Chakula kingine hakikunisumbua kichwa. Maharage ya Kasulu yapo, mawese yapo, ndizi zipo, kuku wangu wapo. Kilichonisumbua ni hela.

Pensheni ya watu wawili ni ya watu wawili. Ikiingia mwisho wa mwezi inajigawa yenyewe: dawa za presha, umeme, maji, sadaka, msiba wa jirani. Wastaafu wengi ninaowafahamu hapa mjini hukopa dukani kila watoto wakija, halafu hulipa hadi Oktoba huku watoto wamesharudi makwao wakisifia jinsi mama alivyowapikia. Nikamwambia mzee safari hii wanachanga, na wanachanga kabla hawajapanda gari. Akakunja uso. "Wanangu walipie chakula kwangu, Mama Neema? Watu watasema nini?"

"Watu gani, Baba Neema? Si watu wenyewe ndio hao wanaokuja?"

Hakuridhika. Nikamkumbusha kwamba harusi ya mtoto wa rafiki wa rafiki wanachangia, wanapewa kadi, wanakumbushwa kwenye kundi la WhatsApp mpaka wanaona haya, na wanalipa. Iweje kula ugali wa mama yao mwezi mzima ndiyo iwe aibu kuchangia? Akasema nifanye nitakavyo, ila yeye asihusishwe.

Nikaandika orodha kwenye kundi la familia. Unga wa mahindi na wa muhogo, mchele, mafuta, sukari, mtungi wa gesi wa kilo 15, magunia mawili ya mkaa maana gesi peke yake haiwezi kuivisha maharage ya watu wale wote, umeme, maji. Kila kitu na bei yake ya soko la Mwanga. Sikumtaja mtu. Baadaye nikampigia kila mmoja faragha kumwambia fungu lake, na mafungu hayakulingana, kwa sababu vipato vyao havilingani. Kitinda mimba, ambaye ajira yake ni ya kubangaiza, nilimwambia aje na mikono yake.

Kifungua mimba akapiga simu usiku. "Mama, siku hizi mnatutoza hela kuja nyumbani?"

Nikamjibu, "Nyumbani ni bure baba, unga ndio unauzwa."

Alinuna. Kisha ikaingia hela kuzidi fungu lake, na ujumbe mfupi: "na ya nyanya." Nina hakika ni mke wake aliyemsemesha. Mkamwana wangu yule anaingia sokoni mwenyewe, anajua fungu la nyanya ni bei gani.

Jambo jingine nililolisimamia ni kwamba hela isikae kwangu. Ikikaa kwangu itaisha nikiwa kimya, maana mama hawezi kusimama mbele ya wanawe akasema imeisha. Ilikwenda kwenye simu ya binti yetu wa pili, akawa mweka hazina, na daftari lake akalitundika kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni. Anayetoka kwenda dukani anaandika. Nililiona lile daftari likituliza mambo mengi kuliko hata kikao cha ukoo, kwa sababu mtu akitaka soda ya pili anasoma kwanza.

Walipofika, kila mtu alikuta kazi yake inamsubiri. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatukuisubiri ya tatu. Maji yetu yanatoka kwa zamu, kwa hiyo wanaume walikuwa na zamu ya kuamka alfajiri kujaza madumu. Kifungua mimba wetu, ambaye Dar anaendeshwa na dereva, alionekana saa kumi na moja asubuhi na ndoo kila mkono, na jirani akapita makusudi mara mbili kumwangalia. Wakamwana walishika jiko kwa kupokezana. Wajukuu wakubwa waliosha vyombo, wadogo walilisha kuku na kuwafukuza kutwa nzima.

Mume wa binti yetu alikuwa jambo la peke yake. Kijana mwenye adabu, hakutaka kulala paa moja na mama mkwe, na mimi pia sikutaka kukutana naye kwenye korido amejifunga taulo. Bafu tunalo moja. Alichukua chumba gesti ya jirani, akawa anakuja kunywa chai asubuhi na kuondoka usiku baada ya taarifa ya habari. Hakuna aliyeuliza kwa nini, na magodoro ya kuazima yakapungua.

Chandarua ndicho nilichowahi kuliko godoro. Watoto wa mjini wanakuja huku wakidhani mbu ni kelele tu. Nilitundika vyandarua hata kwa waliolala sebuleni, kamba ikitoka kwenye kitasa cha dirisha hadi kwenye kabati. Hata hivyo mjukuu mmoja alipata homa. Mama yake alikuwa na vidonge kwenye mkoba, tayari kumpa. Nikamzuia, tukaenda zahanati, akatobolewa kidole, kipimo cha haraka cha mRDT kikaonyesha malaria, akapewa dawa mseto ya siku tatu. Alipopata nafuu kesho yake, mama yake akataka kumwachisha dawa. Uuguzi nimestaafu, lakini siku ile nilirudi kazini: nilimsimamia mpaka akameza kidonge cha mwisho.

Sisi wenyewe tulijiwekea saa nane hadi saa kumi. Mlango wa chumba chetu unafungwa, mzee analala, mimi nanyoosha miguu yangu inayovimba, na hakuna wa kugonga isipokuwa nyumba inaungua. Mzee ana presha na mimi nina presha, na nimeshawapokea wodini wazee wengi walioletwa wiki ya sherehe. Watu hudhani ni chumvi na nyama. Mara nyingi ni kukosa usingizi na kusahau vidonge kwa sababu nyumba imejaa.

Jikoni ndiko nilikofurahi zaidi. Mkamwana wa Mwanza alikuwa anawajua dagaa wa Ziwa Victoria tu, ambao ni samaki wengine kabisa. Wa kwetu ni jamii ya sadini. Nikamkuta amekaa kwenye mbuzi la kukunia nazi anawakata vichwa mmoja mmoja. Nikamwambia, "Mwanangu, utamaliza Agosti." Nikamwonyesha. Unawapasha kwenye sufuria kavu mpaka wanaanza kulia chwachwachwa wakigusana. Unawaosha mara moja kwa maji ya uvuguvugu, unawatoa haraka kabla hawajalegea. Mawese unayapasha moto wa wastani, kitunguu kikilainika unawamwaga dagaa, halafu nyanya, nyanya chungu zilizopasuliwa, pilipili nzima isiyotobolewa. Mwiko weka mbali. Unashika sufuria kwa kitambaa pande mbili unaitikisa, wanageuka wenyewe bila kuvunjika. Unakamulia limau ukishaepua. Wajukuu wa Dar waliugomea ugali wa muhogo siku ya kwanza, eti unanata, lakini kwa mchuzi ule wa mawese waliumaliza na vidole wakalamba, na fulana zao za shule mpaka leo zina alama.

Matembezi tulimwachia babu. Mtu wa reli hahitaji kuombwa: aliwapeleka stesheni, akawaonyesha jengo la Wajerumani, akawaambia reli ilifika hapa mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar. Akaendelea na Liemba: meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwenye makasha na kuungwa upya hapa Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria. Ujiji akawaonyesha mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Mjukuu wa miaka sita akamuuliza, "Babu, na wewe ulikuwepo?" Huyo huyo ndiye aliyekuwa akiniita mke wangu na kudai nimpakulie kwanza kabla ya babu, kwa hiyo walikuwa na kesi tayari.

Kuogelea walienda asubuhi tu, na mtu mzima akiwa ndani ya maji, si ufukweni na simu. Upepo wa kiangazi unaamka baadaye mchana, na ziwa hili si la mzaha. Kina chake kinafika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Hifadhi ya sokwe ya Gombe tulisema wazi kuwa haimo kwenye orodha. Boti na viingilio vya familia nzima vingekula unga wa wiki. Wawili waliotaka kuona sokwe walijigharamia, wakarudi wamechoka na picha nyingi za migongo ya sokwe.

Shule zilipokaribia kufunguliwa wakaanza kuondoka, nyumba moja baada ya nyingine. Ndoo moja ya dagaa ilibaki, nikawagawia wabebe. Kwenye daftari ilibaki shilingi 38,000. Mweka hazina akauliza zirudishwe kwa nani, na wote wakajifanya hawajaona ujumbe. Hapo mzee, yule yule asiyetaka kuhusishwa, akapata wazo: hela ile iwe mwanzo wa kununua tangi la lita 2,000, kila mwezi waongezee kidogo, ili likizo ijayo asiwepo wa kuamka alfajiri kujaza madumu. Kifungua mimba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono.

Tangi lilifika Novemba. Vikumbusho vya michango aliviandika mzee mwenyewe kwenye kundi, kwa herufi kubwa tupu, na chini yake akaorodhesha wale ambao hawajalipa.